Kompyuta inazima kila gemu ikinoga: kabla hujairudisha kadi, soma kibandiko

Swali: Shikamoo fundi. Niko Makorora, hapa hapa Tanga. Kompyuta yangu ina prosesa ya Ryzen 5 3600. Mwezi uliopita nilitoa kadi ya michoro (ile inayochora picha za gemu) ya GTX 1650 nikaweka RTX 3070 iliyotumika, niliyoagizia Dar. Tangu siku hiyo, nikicheza gemu ya magari au ya vita, dakika chache tu inazima pap! Hakuna skrini ya bluu, hakuna ujumbe. Nikibonyeza kitufe haiwaki mpaka nichomoe waya ukutani, nisubiri kidogo, ndipo nirudishe. Kuangalia filamu au kuandika haina tatizo hata siku nzima. Usiku ndio inazidi. Fundi wa kwanza kasema kadi mbovu, wa pili kasema nipige Windows upya, wa tatu kasema vumbi. Pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, imeandikwa 700W, na vyote vimepita kwenye UPS (betri ya akiba) ya 650VA. Nimeambatanisha picha ya kibandiko cha pawa saplai. Nimrudishie mwenye kadi, au?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mafundi watatu, majibu matatu, na kwa ulivyoeleza hakuna hata mmoja aliyeigeuza pawa saplai akasoma ubavu wake. Wewe umeipiga picha, na sehemu kubwa ya jibu imo humo. Kadi usiirudishe kwanza.

Kilichonishtua katika maelezo yako si kuzima. Ni kule kukataa kuwaka mpaka uchomoe waya. Ndani ya pawa saplai mna ulinzi: ikivutwa umeme kupita uwezo wake, au volti zake zikianguka, au yenyewe ikichemka, inajifunga. Ikishajifunga hivyo, kwa kawaida haisikii kitufe tena. Sharti ikatwe umeme kabisa kwa muda, chaji iliyobaki ndani iishe, ndipo ikubali. Sasa linganisha na maradhi mengine. Draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, ikianguka, skrini inakuwa nyeusi lakini mara nyingi feni zinaendelea kuzunguka, pengine hata sauti ya gemu unaisikia. Prosesa ikizidiwa na joto, mashine inazima, ila ukibonyeza kitufe baada ya muda inawaka bila kuchomoa kitu. Ramu ikiwa na kasoro utaona skrini ya bluu, au gemu inajifunga na kukurudisha kwenye desktopu. Yako haifanyi lolote katika hayo. Inakata, halafu inanuna.

Kwa hiyo Windows iache. Hakuna faili ndani ya Windows lenye uwezo wa kuizuia pawa saplai isiwake. Ukiipiga upya utapoteza siku nzima na bando lako. Ukifungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta mstari mwekundu ulioandikwa Kernel-Power 41, na najua utashawishika kuutafutia dawa mtandaoni. Mstari ule ni kama jirani anayekwambia "jana usiku kwenu taa zilizima." Anajua zilizima, hajui kwa nini. Ukiubofya ukasoma maelezo yake ukaona BugcheckCode ni 0, maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa. Umeme ulimponyoka mkononi kabla hajashika kalamu.

Sasa twende kwenye kibandiko chako. Juu wameandika 700W kwa herufi za dhahabu. Hizo ziache, ni za dukani. Shuka kwenye jedwali dogo la chini, lile lenye safu za volti. Nasoma kutoka kwenye picha yako: +3.3V, ampea 24. +5V, ampea 30. +12V, ampea 20. Wati ni volti mara ampea, hesabu ya darasani. Safu ya kwanza inatoa wati 79, ya pili 150, ya tatu 240. Jumlisha zote: 469. Hizo 700 ziko wapi? Hazipo, na jedwali la mtengenezaji mwenyewe ndilo linalomuumbua.

Na hata hizo 469 si zako zote. Kompyuta za siku hizi, kadi na prosesa zote mbili zinakula kutoka kwenye njia moja tu, ile ya volti 12. Safu za 3.3 na 5 zilikuwa na kazi kubwa kwenye mashine za zamani. Leo zinahudumia diski na vitu vidogo vidogo. Watengenezaji wa pawa saplai rahisi wanapenda kuzijaza hizo kwa sababu ni rahisi kuzijaza, namba inakua, mnunuzi anafurahi. Wewe kwa kazi yako una wati 240. Basi.

Sasa tuone nani anakula nini. RTX 3070 imekadiriwa wati 220. Ryzen 5 3600 imeandikwa 65W kwenye boksi, lakini ikiachiwa inaruhusiwa kuvuta mpaka wati 88. Madabodi, feni, ramu na diski tuzipe 45 kwa makadirio. Jumla ni kama 353. Gawanya kwa 12 upate ampea zaidi ya 29, na njia yako ni ya 20. Rudi nyuma sasa, enzi za GTX 1650: kadi ile ni ya wati 75, nyingi zake hata waya wa umeme hazina, zinakula kutoka kwenye tundu la madabodi. 75 na 88 na 45 ni 208, ampea 17 na ushee. Ilitosha, tena kwa kubana. Ndiyo maana kwa miaka yote hiyo hukuwahi kuona tatizo, na ndiyo maana unadhani mkosaji ni mgeni aliyeingia mwezi uliopita. Mgeni hana kosa. Kakuta chungu ni cha watu wawili.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Zile wati 220 ni wastani. Kadi za kizazi hiki hazinyonyi umeme kwa utulivu kama balbu, zinaugugumia. Kwa milisekunde chache kadi inaweza kuruka mara moja na nusu ya kiwango chake au zaidi, ikarudi, ikaruka tena. Wewe huoni, programu za kupimia hazioni kwa sababu nyingi zinasoma mara moja kwa sekunde, lakini ulinzi wa pawa saplai unaona. Ndiyo maana mtu anakuonyesha kadi ilikuwa inasoma wati 190 tu, joto digrii 64, kila kitu shwari, halafu giza. Ndiyo maana pia inapenda kukata pale mzigo unapobadilika ghafla, mbio zinapoanza, bomu linapolipuka, au hata ukiwa kwenye menyu ya gemu hujagusa kitu. Usishangae kuhusu menyu: kama hujaweka kikomo cha fremu (picha zinazochorwa kila sekunde), kadi inaichora picha ile ile mamia ya mara kwa sekunde, inatoka jasho kwa kazi isiyo na maana.

Hayo ni maneno na hesabu. Mimi sipendi mtu anunue kitu kwa maneno yangu, kwa hiyo jipimie mwenyewe. Kipimo nikipendacho hakina gharama: badala ya kuongeza, punguza, uone ugonjwa unaondoka ukifika wapi.

Anza na UPS. Itoe kabisa, chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni yenye chaja tano na jagi la chai. UPS ya 650VA haina wati 650. Nyingi za ukubwa huo zinabeba wati 360 au zaidi kidogo tu. Kompyuta yako ikivuta 353 ndani, ukutani inavuta zaidi, maana pawa saplai nayo inapoteza sehemu kama joto. Tuseme inafanya kazi kwa asilimia 80, hapo ukutani ni wati 440. UPS hiyo imezidiwa hata kabla hujawasha monita. Kawaida ikizidiwa inapiga kelele kabla ya kukata, na wewe hukutaja kelele, kwa hiyo siipi lawama ya kwanza. Lakini iondoe njiani ili tujue tunashughulika na mshukiwa mmoja. Ukishika plagi baada ya nusu saa ya gemu ukaikuta ya moto, soketi hiyo imelegea. Mwite fundi umeme kabla ya mambo mengine yote.

Kisha pakua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi. Mna mshale wa kiwango cha umeme wa kadi (Power Limit), uko kwenye asilimia 100. Ushushe mpaka 50, au pale utakapogoma, bonyeza alama ya kukubali, halafu nenda kwenye mipangilio ya Nvidia uweke kikomo cha fremu 60. Ingia gemu ile ile, ramani ile ile, saa ile ile ya usiku. Ikidumu saa nzima bila kuzima, panda hadi 60, kisha 70, ukicheza kila mara. Ikianza kukata kwenye 70 na ilikuwa imetulia kwenye 50, kesi imeisha: kadi nzima, prosesa nzima, chungu ndicho kidogo. Kadi mbovu haiponi kwa kupunguziwa posho namna hiyo, au niseme ni mara chache sana.

Ikikata hata kwenye 50, na UPS imetoka, usikimbilie kuilaani kadi bado. Zima, chomoa ukutani, fungua ubavu wa kasha, utazame pale nyaya zinapoingia kwenye kadi. RTX 3070 nyingi zina matundu mawili ya pini nane. Je, umeleta nyaya mbili kutoka kwenye pawa saplai, au ni waya mmoja wenye vichwa viwili? Kila tundu la pini nane limekadiriwa wati 150. Waya mmoja ukiubebesha matundu yote mawili, nyuzi zile zile nyembamba zinapitisha mzigo wote, na kwenye pawa saplai ya bei poa volti zinashuka njiani. Na kama umetumia vile viunganishi vya kugeuza plagi za diski kuwa pini nane, vitoe leo, kabla hujamaliza kusoma. Hivyo ndivyo vinavyoyeyuka.

Chomoa vichwa hivyo, uvigeuze kwenye mwanga. Pini nzuri inang'aa kama sindano mpya. Niliwahi kuletewa mashine kutoka Raskazone, ya kijana aliyeiweka dirishani ili ipate upepo wa bahari, na upepo aliupata kweli. Kwenye kichwa cha pini nane, pini tatu zilikuwa na unga wa kijani, ya nne imekuwa nyeusi na plastiki yake imelegea ikawa kama ubani uliochomwa nusu. Chumvi ya baharini ilikula shaba, mguso ukawa mbaya, mguso mbaya ukazaa joto, joto likaharibu mguso zaidi. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha ramu mara mbili. Wewe uko Makorora, si ufukweni hasa, lakini unyevu wa Tanga unaujua. Shati ukiliacha kabatini wiki mbili linanuka. Na kadi yako imetumika, hujui ilikolala.

Joto na vumbi nitavipita haraka, kwa sababu dalili zako haziko huko. Kadi ikipata joto inapunguza mwendo kwanza: fremu zinashuka, feni zinalia, na unapata muda wa kulalamika. Washa HWiNFO, programu ya kusoma joto, iandike kumbukumbu unapocheza. Prosesa yako isivuke digrii 95, kadi isikaribie 93, na tofauti kati ya joto la kadi na lile la sehemu yake ya moto zaidi isizidi digrii 20 na kitu. Ikizidi, pesti ya ndani ya kupitisha joto imekauka, jambo la kawaida kwa kadi iliyotumika. Yule fundi wa vumbi hakukosea sana, alijibu tu swali ambalo hukumuuliza. Pulizia kwa bloa ukiwa umezishika feni kwa kidole zisizunguke hovyo.

Sasa lile la usiku. Nimefurahi umelitaja, maana wateja wengi wanaona aibu kulisema wakidhani wataonekana washirikina. Jioni mtaa mzima umerudi nyumbani: pasi, feni, friji, jiko la umeme kwa anayeliweza. Volti zinashuka. Kwetu inatakiwa 230. Mimi kwenye benchi langu nimewahi kupima saa mbili usiku nikapata 190. Pawa saplai nzuri, ile yenye maandishi ya kuingiza 100 hadi 240V, haijali. Inavuta ampea zaidi kidogo na kazi inaendelea. Kwenye picha yako ninaona kile kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230. Hiyo ni ya mtindo wa zamani. Kapasita zake kubwa zinajaa kufuatana na umeme unaoingia: kwa 230 zinafika kama volti 325, kwa 190 ni kama 269 tu. Akiba imepungua, na kadi nayo ndiyo kwanza inagugumia. Inazidiwa mapema. Na tafadhali, kiswichi hicho usikiguse kwa majaribio. Ukikiweka 115 kwenye umeme wetu utasikia mlipuko na utanusa harufu ambayo hutaisahau. Wala usiifungue pawa saplai yenyewe hata ikiwa imechomolewa. Hizo volti 300 hubaki ndani kwa muda, na haziulizi wewe ni fundi au mteja.

Nikwambie kwa nini ninakubana na vipimo hivi vyote. Miaka ya mwanzo nilimwambia mteja wangu mmoja kadi yake imekufa. Mashine ilikuwa na dalili kama zako. Nikamuuzia nyingine, ndogo kidogo, ikafanya kazi, akanishukuru, akaondoka. Ile "iliyokufa" ikakaa kwenye rafu yangu mwaka mzima, mpaka siku nilipoikosa kadi ya kufanyia jaribio nikaichomeka kwenye mashine yenye pawa saplai nzuri. Ikawaka. Ikacheza usiku kucha. Ndogo ilifanya kazi kwake kwa sababu ilikula kidogo, si kwa sababu ya kwanza ilikuwa mbovu. Nilimtafuta nikamrudishia kadi yake, lakini hela aliyotoa mara ya pili alikuwa ameikopa, na hilo sikuweza kulirudisha nyuma.

Kwa hiyo ukithibitisha, nunua pawa saplai. Kwa RTX 3070 Nvidia wenyewe wanapendekeza 650W, nami nakubaliana nao mradi ziwe wati za kweli. Ukifika dukani usiulize "ni wati ngapi?" Sema "naomba nione kibandiko." Tafuta safu ya +12V: yenye 650W halali itakuwa na ampea 50 hadi 54, maana 12 mara 54 ni 648, karibu namba yote iko pale inapotakiwa. Iandikwe inapokea 100 hadi 240V, isiwe na kiswichi chekundu, na itoke na nyaya mbili tofauti za pini nane kwa ajili ya kadi. Ipime kwa mkono pia. Ile yako nina hakika ni nyepesi kama boksi la viatu, yenye chuma na shaba ya kutosha utaihisi. Nembo ya 80 Plus, ya kuonyesha kuwa haipotezi umeme mwingi kama joto, ni nzuri kuwa nayo, lakini hapa kwetu nembo zinachapishwa kirahisi kuliko pawa saplai. Iliyotumika ya kampuni yenye jina naiamini kuliko mpya isiyo na ukoo.

Ukipata aina ambayo nyaya zake zinachomoka pande zote mbili, tumia nyaya zilizokuja nayo tu. Usichukue waya wa pawa saplai nyingine eti kwa sababu umeingia. Upande wa kadi pini zinafanana, upande wa pawa saplai kila kampuni inazipanga itakavyo, na nimeona mtu akiunguza diski mbili kwa sekunde moja kwa waya uliokubali kuingia vizuri kabisa.

Kama hela haijakaa sawa mwezi huu, na mashine ilitulia ulipoipima, endelea kuchezea kwenye 50 na fremu 60. Kwa 3070 bado utaona picha nzuri kuliko ile 1650 yako. Ile UPS ihamishie kwenye ruta na monita, hapo inatosha. Hiyo pawa saplai ukiitoa usimuuzie mtu mwenye kadi kubwa. Mpe mwenye kompyuta ya kuandikia barua, itamfaa. Chora mstari juu ya hizo 700 kwa kalamu ya wino mzito, uandike 240.